Nimetazama ukuta mmoja kwa miezi mitano, njooni niwasimulie

#1 Mguu Stulini

Wakuu, salaam.

Nilivunjika mguu. Ilivyokuwa sisemi maana ni aibu: ngazi tatu tu na soksi inayoteleza. Nikafungwa plasta, nikapewa magongo na amri ya kukaa, na mfupa nao ukagoma kuunga kwa wakati. Kiti changu kiko dirishani. Dirisha linatazama mgongo wa jengo la jirani, hatua kama kumi hivi kutoka kwangu. Kuna ukuta, bomba la maji ya mvua, ufa mmoja, na mmea uliojiotea kwenye huo ufa bila kupandwa na mtu. Basi. Bahari hakuna, mlima hakuna.

Wiki ya kwanza niliuchukia ule ukuta. Wiki ya pili simu ilinichosha kuliko ukuta.

Wiki ya tatu ndipo nikaanza kuona. Asubuhi jua hupenya katikati ya majengo mawili likatua ukutani, kipande chenye upana wa mlango, kama shuka iliyoanikwa. Hukaa dakika arobaini hivi, kisha huyo, kimekwenda. Siku za mwanzo, ikigonga saa tatu kamili, ukingo wa ule mwanga ulikuwa unagusa bomba. Siku kumi baadaye haukugusa. Nikadhani saa yangu ina kasoro. Nikaanza kuandika nyuma ya karatasi za dawa: leo shibiri moja kutoka bombani, leo mbili. Kwa kukadiria tu, lakini kila siku, saa ile ile. Kile kipande kikatambaa taratibu mpaka kwenye ufa, kikatulia hapo siku kadhaa kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua, na sasa kinarudi kilikotoka.

Halafu ule mmea. Nina darubini ndogo ya zamani. Asubuhi majani yake huwa na matone kwenye kingo tu, yamejipanga kama shanga, katikati ya jani pakavu. Umande unajuaje kukaa pembeni?

Na kuna ndege. Mgongo mweusi wenye kung'aa, mkia wa panda, hupita mbele ya dirisha na donge la tope mdomoni, akapotelea juu. Siku hizi nasikia vifaranga, sauti inatoka kule ng'ambo kwenye ukuta wa jirani. Nimekitafuta hicho kiota kwa darubini mpaka macho yamewasha. Sikioni.

Sasa nauliza: nyie hapo mlipo mnaona nini? Sitaki habari za mbuga wala za safari. Hapo hapo, kwenye njia yenu ya kila siku.

#2 Picha Linaanza

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, soksi tu?

#3 Kereng'ende

Mleta uzi, umetengeneza kalenda bila kujua.

Dirisha lako halihami, jengo halihami, saa tatu ni ile ile. Kinachobadilika ni njia ya jua angani. Dunia inalizunguka jua ikiwa imeinama kwa nyuzi kama 23.5, kwa hiyo mahali pa jua kwa saa fulani hubadilika siku hadi siku, na mwanga wako ukutani unafuata. Hiyo siku ulipouona umetulia, bila shaka ilikuwa karibu na mwezi Juni au Desemba, jua linapofika mwisho wa safari yake upande mmoja na kugeuka. Likikaribia kugeuka hupunguza mwendo kiasi kwamba kwa macho unaona limesimama. Katikati ya misimu, mwezi Machi na Septemba, mwendo ni wa haraka na utauona baada ya siku mbili tatu tu. Usitupe hizo karatasi za dawa.

Kuhusu matone: huo si umande. Umande hutoka hewani na hutapakaa juu ya jani zima. Hayo ya pembeni yanatoka ndani ya mmea wenyewe. Usiku, hewa ikiwa na unyevu na udongo umelowa, mizizi huendelea kusukuma maji juu wakati matundu ya kupumulia ya jani yamefungwa. Maji yakikosa pa kwenda hutokezea kwenye vijitundu maalumu vilivyo ukingoni mwa jani. Nadhani bomba lako linavuja mahali, ndiyo maana huo mmea haujafa.

Ndege ni mbayuwayu. Tope ni la kujengea.

#4 Mama Wawili

Mimi sikuwa naona kitu mpaka nilipoanza kutembea na mwanangu wa miaka minne. Kutoka getini hadi mlangoni kwetu ni dakika moja. Na yeye ni nusu saa. Anasimama kwa kila kitu. Kwanza nilikuwa nikimkokota, sasa siku nisipokuwa na haraka namwacha.

Juzi chini ya mti akasema, "Mama, jua limemwagika." Nikatazama chini: vidoa vya mwanga vimetapakaa kivulini, na vyote ni vya duara. Nikainua macho, matundu katikati ya majani hayana umbo: mengine marefu, mengine pembe tatu, mengine yamechanika hovyo. Inakuwaje matundu ya hovyo yanatoa mwanga wa duara? Nimepita chini ya mti huo miaka tisa.

#5 Kereng'ende

Mama Wawili, mwanao amesema sawasawa kabisa. Kila kidoa ni picha ya jua. Tundu dogo likiwa mbali na ardhi linafanya kazi ya kamera isiyo na lenzi, na linachochora chini ni umbo la chanzo cha mwanga. Umbo lake lenyewe halihesabiki. Jua ni duara, basi vidoa ni duara. Siku jua likipatwa nusu, mchukue mtoto hapo mtini: atakuta mamia ya hilali ndogo chini, na hatahitaji kuliangalia jua lenyewe, jambo ambalo asifanye kamwe bila kinga.

Ukitaka kujaribu leo, pitanisha vidole vya mikono miwili viache vitundu, utazame kivuli chake chini.

#6 Hasira Hasara

Naomba nipinge, msinichukie.

Mnaongea kama kila mtu ana dirisha. Natoka nyumbani gizani, narudi gizani, na katikati niko kwenye chumba kisicho na dirisha chenye taa nyeupe na kelele za mashine. Hii hadithi kwamba uzuri umetuzunguka ila sisi tu hatutazami, inanikera. Ni kumwambia mtu aliyechoka kwamba tatizo ni macho yake. Mleta uzi ameona ukuta kwa sababu alilazimishwa kukaa na kuna mtu anamletea chai. Mvunjie mguu mtu asiye na wa kumsaidia, uone kama ataandika shibiri za jua.

#7 Mguu Stulini

Hasira Hasara, sikuchukii. Chai naletewa kweli. Na wiki mbili za kwanza, nimesema, niliuchukia huo ukuta na anayeniambia nishukuru nilikuwa namchukia zaidi. Sikuja kumfundisha mtu kushukuru.

#8 Zamu ya Usiku

Na mimi niongee, maana nimekaa kimya uzi wote.

Kazi yangu ni ulinzi, saa kumi na mbili jioni hadi kumi na mbili asubuhi. Dirisha sina, nina geti. Sitasema ni kazi tamu. Ila usiku nimeujua kuliko watu wengi wanavyoujua mchana.

Kitu cha kwanza, macho. Ukitoka penye taa huoni kitu, unadhani giza ni giza. Kaa dakika 20 mpaka 30 bila kuangalia taa wala simu. Ukuta unatokea, majani yanatokea, unaona njia ya paka kabla ya paka. Ukiwasha simu mara moja tu, unaanza upya. Mabosi wanatupa tochi kali kumbe tochi inatupofusha. Na nyota hafifu usiitazame usoni, itazame kwa pembeni kidogo, inatokea. Ukiikodolea inapotea. Nilidhani ni uchawi wa macho yangu, nikamuuliza mwenzangu, naye anaiona hivyo hivyo.

Cha pili, getini pana maua mekundu na ya buluu, yamepandwa pamoja. Mchana mekundu ndiyo yanayopiga kelele. Jioni jua likizama, mekundu yanakuwa meusi kwanza, na ya buluu yanabaki yanang'aa kama yana taa ndani. Alfajiri kinyume chake: buluu inaamka mapema, nyekundu inachelewa. Miaka sita natazama hilo na hakuna mtu wa mchana aliyewahi kuniamini.

Cha tatu, mwezi ukiwa mchanga, ule uzi mwembamba, tazama sehemu yake iliyobaki. Si nyeusi. Inaonekana kijivu, duara zima.

#9 Kereng'ende

Zamu ya Usiku, mimi nakuamini, na yupo mwingine wa kukuunga mkono. Hiyo ya maua imepewa jina la Jan Purkyně, mwanasayansi wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Ucheki. Aliandika habari zake mwaka 1825. Jicho lina vipokezi vya aina mbili. Vya mchana vinaona rangi. Vya usiku karibu haviioni kabisa nyekundu, lakini buluu na kijani vinazipata vizuri. Jioni zamu hubadilishana, kama nyie getini. Na katikati kabisa ya jicho vya usiku havipo, ndiyo maana nyota hafifu inaonekana kwa pembeni.

Kijivu cha mwezi ni mwanga wetu. Jua linaipiga dunia, dunia inaurudisha mwanga huo mwezini, mwezi unaurudisha kwako. Leonardo da Vinci aliligundua hilo miaka 500 iliyopita.

Kwa Hasira Hasara: wapo waliolipima hilo la dirisha. Roger Ulrich alichapisha utafiti mwaka 1984, kwa kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, za kati ya 1972 na 1981. Wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, nusu dirisha lao lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walikaa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, wa ukuta 8.70. Na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo.

#10 Hasira Hasara

Ahsante. Umesoma ulichoandika? WA UKUTA ndio waliochelewa kupona. Kwa hiyo utafiti wako unasema mwenye ukuta apewe mti. Hausemi aambiwe ajifunze kuupenda ukuta. Ndicho ninachosema tangu asubuhi. Pandeni miti, toboeni madirisha, kisha ndiyo tuje tuongee habari za kutazama.

#11 Kereng'ende

Umenipiga bao. Sina jibu.

#12 Mguu Stulini

Wale wa Pennsylvania hawakuwa na ufa.

(Natania. Hasira Hasara ana hoja. Mimi mwenyewe nikiulizwa, nataka mti.)

#13 Picha Linaanza

Nacheka peke yangu huku. Niongeze kidogo, maana napiga picha kwa kujifurahisha na nilikuwa mtu wa kusafiri mbali ili nipate picha. Halafu nikasoma habari za Claude Monet, mchoraji wa Ufaransa. Mwaka 1890 na 1891 alichora marundo ya nafaka yaliyokuwa shambani karibu na nyumba yake, picha kama 25. Marundo yale yale. Asubuhi, jioni, kwenye theluji, kwenye ukungu. Alikuwa anabadilisha turubai kila mwanga ulipobadilika, anaweka moja anachukua nyingine.

Tangu hapo kila siku napiga picha moja ya kona moja ya nguzo ya umeme karibu na kwangu. Siku 212 sasa. Picha nyingi ni mbaya, nasema ukweli. Lakini nimejua kitu ambacho sikukijua: mwanga wa baada ya mvua kubwa, vumbi likiwa limeoshwa hewani, unachora kingo za kila kitu kana kwamba umenoa kisu. Kabla ya mvua nguzo hiyo hiyo imefifia kama picha ya zamani.

#14 Sikio la Tatu

Nimesomewa uzi huu wote na simu yangu, maana mimi sioni. Sijawahi kuona. Nawasikia mnabishana madirisha na kuta, natabasamu.

Kaka Zamu ya Usiku, hao nyenje wa getini kwako umewahi kuwahesabu? Usiku ukiwa wa joto wanalia haraka, ukipoa wanapunguza, na kukiwa baridi sana unaweza kusikia nafasi kati ya mlio na mlio. Amos Dolbear wa Marekani aliandika kanuni yake mwaka 1897, jinsi ya kukisia joto la hewa kwa kuhesabu milio. Mimi sihesabu. Nikitoka mlangoni najua nivae nini.

Miti naijua kwa upepo. Mwenye majani mapana na magumu anapiga makofi. Mwenye majani membamba anavuta pumzi ndefu. Kuna mmoja njiani kwangu ambao makokwa yake yakikauka yanacheza kayamba, na huo ndio ninaoutumia kujua nimefika nusu ya njia. Msimu makokwa yakidondoka napotea kidogo, lazima nihesabu hatua.

Halafu harufu ya mvua. Mnajua inafika kabla yake? Isabel Joy Bear na Richard Thomas, wanasayansi wa Australia, waliipa jina lake la kitaalamu mwaka 1964. Ni mafuta ya mimea yaliyonyonywa na udongo na mawe wakati wa ukavu, pamoja na kitu kinachotengenezwa na bakteria wa udongoni, ambacho pua ya binadamu inakinasa hata kikiwa kidogo kupita kiasi. Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha MIT, Marekani, walipiga picha za kasi wakaona tone likianguka kwenye udongo linanasa viputo vya hewa chini yake, vinapanda na kupasuka juu kama kwenye soda, na kurusha ukungu mwembamba. Mvua ikinyesha mbali, upepo unaniletea harufu. Naanua nguo wakati majirani bado wanasema anga ni jeupe.

Sasa mleta uzi. Nina swali kuhusu vifaranga wako. Sauti yao unaisikia dirisha likiwa wazi tu, au hata likifungwa?

#15 Mguu Stulini

Dada Sikio, wazi tu. Likifungwa siwasikii kabisa. Kwa nini?

#16 Sikio la Tatu

Na ukuta huo wa jirani ni mgumu? Hauna pazia, hauna majani mengi, ni saruji tupu?

#17 Mguu Stulini

Tupu. Ufa na mmea tu, na doa moja la kijivu hivi chini ya bomba.

#18 Sikio la Tatu

Basi ukuta huo ni mkubwa wa kurudisha sauti. Mimi hutembea kwa kutegemea hilo, nikipita penye ukuta mgumu hatua zangu zinanirudia. Kesho wakianza kulia, fumba macho. Usitafute kiota. Sikiliza kama mlio una mwanzo mkali au umelainika. Mlio unaokuja moja kwa moja una ncha. Uliogonga ukuta ukarudi umepoteza ncha. Kisha toa kichwa nje ya dirisha, macho bado yamefumbwa, usikilize tena. Uangalie mguu.

#19 Mama Wawili

Nimesimamisha kazi zote nasubiri kesho.

#20 Hasira Hasara

Na mimi nasubiri, japo sijabadili msimamo.

Halafu, kwa kuwa mmenisumbua na mada yenu: leo wakati nasubiri usafiri kulikuwa na dimbwi la maji machafu, lenye utando wa mafuta. Rangi zinazunguka, zambarau, dhahabu, kijani. Na juu yake kwenye sehemu isiyo na mafuta mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu anatembea juu ya maji, halowi. Kila mguu wake umebonyeza maji kidogo tu kama kidole kwenye godoro. Nilimtazama mpaka gari likanipita. Nimefika kazini nimechelewa, nimefokewa. Hiyo ndiyo faida yenu.

#21 Kereng'ende

Pole mkuu. Hizo rangi hazimo ndani ya mafuta. Utando ni mwembamba mno, mwanga unaorudi kutoka juu yake na ule unaorudi kutoka chini yake vinakutana, rangi nyingine zinauana, nyingine zinazidishana. Unene ukibadilika kidogo tu, rangi inabadilika.

#22 Hasira Hasara

Mwambie bosi wangu.

#23 Mguu Stulini

Nimerudi. Poleni kwa kuchelewa, nimechoka kama niliyelima.

Asubuhi wakaanza. Nikafumba macho. Dada Sikio, ulichosema ni kweli, ule mlio kutoka ukutani ni wa duara, umelainika, kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Miezi mitano sikuwahi kuusikia hivyo. Nikafungua dirisha zaidi nikatoa kichwa. Hapo mlio mwingine ukanishukia utosini, mkali, una ncha kama ulivyosema. Nikafumbua macho, nikainua uso, nikaona uvungu wa ukingo wa paa na doa la kinyesi. Zaidi ya hapo shingo haikufika.

Nikachukua magongo. Ni mara ya tatu tangu nivunjike natoka nje, na mara ya kwanza peke yangu. Nimezunguka jengo, nimefika kwenye ukuta wangu, nikauegemea. Wa moto, mwanga ulikuwa ndiyo kwanza umeondoka. Bomba linavuja kweli, Kereng'ende, kwenye kiungo cha pili. Na lile doa la kijivu si doa. Kwa karibu lina kingo zilizojikunja kama karatasi iliyoungua, limeota. Nimelisoma baadaye: ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, na hukua taratibu kiasi kwamba huenda lilikuwepo kabla sijahamia.

Kisha nikageuka kutazama dirisha langu. Sijawahi kuliona kutoka kule. Pazia langu ni baya, nilikuwa sijui. Na juu yake, pale paa linapokutana na ukuta, kama dhiraa moja kutoka kichwani pangu ninapokaa kila siku: bakuli la tope, limejengwa donge kwa donge, madonge yanahesabika. Mbayuwayu akaja, akanipita karibu na sikio, vikatokea vinywa vya njano.

Miezi mitano natafuta ng'ambo kwa darubini.

#24 Sikio la Tatu

Wangapi?

#25 Mguu Stulini

Wanne.

Subiri. Watano, mmoja amekaliwa.